Nilipewa kazi ya kuchagua masomo ya bure ya mtandaoni shuleni kwetu Tabora, binti akamjibu baba yake: "Sijui, ila ni D"

Wakuu, habari za kazi. Walio shambani, walio dukani, na nyie mnaosoma kikaoni huku simu mmeificha chini ya meza, wote nawasalimu. Wakubwa shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora. Sitaongeza chumvi, na si kwa sababu ya ucha Mungu. Mke wangu ni member humu, na hana huruma na mwanamume anayejipamba.

Twende.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia kwenye sekondari ya kata, pembeni ya mji, upande wa Itetemia. Wanafunzi tele, walimu wa sayansi wa kutafuta kwa tochi. Wa Kemia alihama. Wa Baiolojia alikuwa likizo ya uzazi. Kwa kipindi fulani idara nzima ya sayansi ilikuwa mimi, chaki, na rehema za Mwenyezi Mungu.

Sasa Mkuu wetu wa shule, tunamwita Madam, akarudi kutoka semina.

Ndugu zangu, ogopeni sana bosi aliyetoka semina.

"Mwalimu," akaniambia, "huko mtandaoni kumbe kuna masomo ya bure! Bure kabisa! Kidato cha nne wanakaribia mtihani wa taifa na hatuna walimu. Tafuta, kagua, niletee lililo bora."

Nikamuuliza, "Kamati ni akina nani, Madam?"

"Kamati ni wewe. Si ndiye mwenye simu kubwa?"

Basi nikawa kamati.

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwangu. Alikuja na treni kutoka Tura kutibiwa macho, na daktari alimkataza kuangalia mwanga mkali. Kutwa anakaa sebuleni na miwani nyeusi kama mlinzi wa msanii mkubwa, hana cha kufanya zaidi ya kusikiliza. Nilikuwa nimemnunulia spika ndogo ya bluetooth awe anasikia nyimbo za dini.

Hiyo spika itaniua, subirini.

Nikaanza ukaguzi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Wakuu, masomo ya bure ni kama kuku wa kienyeji wanaozurura mtaani: wapo wengi, lakini jaribu kumkamata mmoja.

Tovuti ya kwanza niliyoifungua ilikuwa na vitufe vya "Pakua Hapa" kila kona. Nikabonyeza cha juu, kikanipeleka kwenye kubeti. Nikabonyeza cha chini, kikaniambia simu yangu ina virusi. Cha katikati kikanipeleka kwa dada mmoja anayetafuta mchumba mcha Mungu. Somo la Mawimbi sikuliona mpaka leo.

Ya pili ilitengenezwa ng'ambo. Nzuri kweli, siwezi kuidharau. Lakini mifano yake yote ni theluji. Mtoto anateleza kwenye theluji, gari linakwama kwenye theluji, tafuta msuguano. Mtoto wa Tabora barafu anayoijua ni ya ukwaju kwenye mfuko wa plastiki.

Ya tatu kuna mwalimu amewasha kamera, akafungua maandishi, akayasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kama anasoma tangazo la msiba. Akimaliza anasema, "Natumaini mmeelewa," anazima. Kaka, umetumaini kwa msingi gani?

Ya nne ndiyo hii ambayo shuleni tuliipa jina la Maridadi. Rangi, vikatuni, muziki. Kila somo lina quiz, ukipatia puto zinapaa kwenye kioo na watu wasioonekana wanakupigia makofi. Hata mimi mtu mzima nilipatia swali la uzito wa jiwe, makofi yakapigwa, nikajikuta natabasamu peke yangu.

Ya tano haikuwa hata tovuti ya maana. Ni ukurasa mweupe tu wenye sauti za kupakua. Mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anafundisha Fizikia kwa Kiswahili na istilahi za Kiingereza za mtihani, na inaonekana anarekodia uani kwake. Jogoo anawika. Kuna mahali mkewe anamuuliza kama mchicha uungwe karanga, anajibu, kisha anaendelea na Msukumo wa Maji.

Kilichonishinda kwake ni kimya. Anauliza swali, halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka unadhani bando limekata. Kumbe anakusubiri ujibu! Mimi nikaona huyu hajui teknolojia, nikampita.

Mama mkwe hakumpita.

Nilikuwa namjaribu sebuleni, nikaenda kuoga. Nikiwa bafuni nasikia mzee wa jogoo anauliza, "Ukiweka kijiko cha bati kwenye uji wa moto, kwa nini mpini nao unapata moto?" Kimya. Halafu nasikia mama mkwe anamjibu kwa ukali, "Si kwa sababu moto unatembea! Hata mtoto anajua!" Mzee akaendelea, "Vizuri." Mama akacheka kwa ushindi.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo redio yake. Asubuhi namsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," badala ya kuniitikia ananiuliza kama yule mwalimu ametoa jingine. Akamwagiza mke wangu apakue sauti zote za yule mzee kwenye simu yangu, mfululizo, mpaka bando la mwezi likateketea. Ningesema nini? Kwetu Unyamwezini mama mkwe haambiwi hapana. Unainamisha kichwa, unakwenda kununua vocha.

Sasa nije kwenye spika.

Ilikuwa Jumapili mchana. Kina mama wa kanisani, Moravian, walikuja kumwona mgonjwa. Mimi nikajifungia chumbani niendelee na kamati. Zamu ilikuwa ya Baiolojia, kwenye Maridadi. Mada: Uzazi.

Nikabonyeza. Picha inakwenda, sauti hakuna. Nikaongeza sauti. Hakuna. Nikaongeza mpaka mwisho. Hakuna. Nikasema hii tovuti ina kasoro, nikairudisha mwanzo ili nihakikishe, maana mimi ni mtu wa ushahidi.

Wakuu, simu ilikuwa imeungana na ile spika ya sebuleni.

Na sebuleni walikuwa wamefumba macho, wanaombea chakula.

Nilishtuka niliposikia sauti nyororo ya binti ikipenya ukutani: "Sasa tuangalie viungo vya uzazi vya mwanamume, kimoja baada ya kingine..." Nikatoka mbio, nikajikwaa kwenye kapeti, nikatokea sebuleni kwa magoti. Kina mama wote wameinama. Hakuna anayejua kama sala imeisha au la. Mmoja kwa sauti ndogo kabisa akasema, "Amina."

Nikaizima. Nikasimama pale kama mhalifu.

Mama mkwe, na miwani yake nyeusi, akageuza uso kunielekea. "Mwalimu," akasema, "huyo binti anajua. Ila mwambie asiende haraka, wengine hapa tulisoma zamani."

Kina mama wakaangua kicheko mpaka sahani zikatikisika. Mimi nilirudi chumbani na sikutoka hadi walipoondoka. Kwenye tathmini yangu nikaandika: sauti inasikika vizuri sana.

(Mke wangu kanitumia ujumbe sasa hivi kwamba nimesahau kusema nilikuwa nimevaa kaptura. Haya, nilikuwa nimevaa kaptura.)

Nilimpelekea Madam majina matano, nikamweleza sifa na kasoro za kila moja. Hakusikiliza hata nusu. Alipobonyeza Maridadi na puto zikapaa, kazi ikaisha.

"Hii hii," akasema. "Mtoto atapenda."

Sikubisha. Watoto kweli waliipenda. Tangazo likatoka, wazazi wakaambiwa watafute simu yenye intaneti. Mmoja wao alikuwa Mzee Maganga, mkulima wa tumbaku wa Urambo. Binti yake Kulwa anakaa kwa shangazi yake huku Itetemia ili asome. Mzee hakuwa na mpango wa simu ya kioo, lakini alisikia neno "mtihani" akanunua.

Baada ya wiki chache Kulwa akawa nyota. Quiz zote, alama zote. Fizikia mia, Historia mia, Uraia mia. Madam akabandika jina lake ubaoni. Mimi nikajiona mshauri wa elimu wa kimataifa.

Kisha ikaja mock. Kulwa kwenye Fizikia akaambulia alama ambazo ukizitaja mtu anakuuliza, "Hiyo ni asilimia au namba ya nyumba?"

Nikasema labda aliumwa. Madam akasema labda msahihishaji aliumwa. Na kwa kuwa kikao cha wazazi kilikuwa kimeshaitishwa, akaamua tuwaonyeshe wazazi kazi ya Maridadi kwa projekta, na wa kuonyesha awe Kulwa mwenyewe.

Umeme ulikuwepo siku ile. Ningejua ningeukata kwa mkono wangu.

Ukumbi umejaa. Madam kavaa kitenge cha sherehe. Mzee Maganga kakaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani, katoka Urambo alfajiri. Kulwa yuko mbele na simu. Mzazi mmoja akaomba liulizwe la Historia, kwa vile Fizikia wao hawataijua kama ni kweli au uongo. Busara hiyo.

Swali likatokea ukutani kwa herufi kubwa. Nalifasiri kwa Kiswahili: Mji upi ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya biashara katika njia ya kati? A, Tabora. B, Bagamoyo. C, Ujiji. D, Kazeh.

Ukumbi mzima ukacheka kwa raha. Swali la nyumbani! Wazazi wakaanza kupiga kelele, "A! A mwanangu! Tabora!"

Kulwa, bila hata kuinua macho kusoma, akabonyeza D.

Puto zikapaa. Makofi yakapigwa na wale wasioonekana. Binadamu wa ukumbini hakuna aliyepiga.

Mzazi mmoja akasimama. "Samahani, Madam. Kwa hiyo Tabora siyo?"

Madam akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mwalimu Pazi wa Historia. Pazi ni Mzaramo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za hiyo hiyo misafara, na alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Mzee Maganga akanyanyuka taratibu. "Kulwa. Hiyo Kazeh iko wapi?"

Binti akaangalia chini. "Sijui, baba."

"Umeijuaje?"

"Sijui, baba. Ila ni D."

Hapo ndipo Pazi alipopata nafasi aliyoisubiri maisha yake yote. Akasimama, akakohoa, akasema, "Watani zangu, msilie. Kazeh ni jina la zamani la hapa hapa. Mmekaa juu yake. Mashine imekubali jina la babu, imemkataa mjukuu."

Ukumbi ukalipuka. Watu wakacheka, wakabishana, mwingine akataka kujua kama viwanja vyao sasa vinahesabika viko Kazeh au Tabora. Madam akachomoa waya wa projekta kwa mkono wake.

Mzee Maganga peke yake hakucheka.

Baadaye nilimkuta Kulwa nyuma ya tenki la maji, analia kimya kimya huku anakwangua rangi ya tenki kwa kucha. Nikakaa kwenye tofali. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mwalimu," akasema, "maswali yake hayabadiliki, na ukikosa unarudia mpaka upatie. Nikawa nakumbuka tu D, A, A, C. Majibu nayajua yote." Akapenga kamasi kwa upindo wa sketi. "Maswali ndiyo siyajui."

Wakuu, nilitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Huyu mtoto hakuwa mvivu. Alikesha na kile kitu kwa moyo wote. Alifanya alichoambiwa akifanye, akapigiwa makofi kila siku, na hakuna aliyemwambia kuwa makofi yale yanapigwa na waya.

Mzee Maganga akatukuta pale pale. Si mtu mkatili, naomba mnielewe. Msimu wa vitalu vya tumbaku ulikuwa umefika, miche inataka maji asubuhi na jioni, na mama yake Kulwa mgongo ulikuwa umemshika.

"Mwalimu," akaniambia, "kama kusoma ndiyo huku, bora akabonyeze D nyumbani huku anamwagilia. Siku ya mtihani nitamleta."

Nilijua maana yake. Mtoto akienda kwenye vitalu, kitabu hakifunguliwi tena. Anakuja kwenye mtihani na mikono yenye sugu na jina lake tu.

"Mzee wangu," nikamwambia, "niachie mpaka Ijumaa. Ijumaa njoo ukae darasani, umsikilize mwenyewe. Usiporidhika, ondoka naye."

Akanitazama sana. "Simu itakuwepo?"

"Hakutakuwa na simu."

Akakubali. Akaenda kulala kwa dada yake, yule shangazi wa Kulwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina mpango wowote. Nilisema Ijumaa kwa sababu ndiyo siku iliyonijia mdomoni.

Nikafikiri: mimi nilikagua tovuti kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Rangi, madirisha, sauti. Sikuwahi kumweka mtoto ndani nione atatoka na nini. Basi kesho yake nikagawa kidato cha nne makundi. Mada moja tu, Kusafiri kwa Joto: conduction, convection, radiation. Kila kundi nikalipa chanzo chake. Hawa Maridadi, hawa wa theluji, hawa wa yule msoma matangazo ya msiba, na hawa mzee wa jogoo, ambaye sauti zake zote zilikuwa tayari kwenye simu yangu kwa hisani ya mama mkwe. Wakarushiana simu kwa simu, bila bando.

Sharti: baada ya hapo simu zote zinawekwa kwenye ndoo, kila kundi linatoa mtu mmoja, anapewa chaki, anafundisha wenzake.

Kulwa nilimweka kwa jogoo. Alichukia. "Mwalimu, huyu hana picha. Na ananyamaza!"

"Akinyamaza, jibu."

"Nikikosea?"

"Kosea. Hakuoni."

Alhamisi tukaanza na wengine. Kundi la Maridadi lilimtoa kijana mmoja mchangamfu, akasimama ubaoni, akakumbuka muziki wa mwanzo wa somo, akauimba wote. Darasa likaitikia. Baada ya muziki hakukuwa na kitu. Akarudi kukaa akipigiwa makofi ya kweli.

Kundi la theluji wakajitahidi, kusema ukweli. Mwakilishi wao akaeleza radiation na convection kwa kutumia mtambo wa kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali. Akaulizwa na mwenzake, "Mtu anapashaje nyumba joto?" Tulikuwa tunavuja jasho wote, bati linalia juu. Akafikiri, akasema, "Labda ni adhabu."

Wa yule msoma matangazo, binti wa watu akageukia ubao, akatupa mgongo, akaandika mpaka chaki ikaisha, kisha akasema, "Natumaini mmeelewa." Nilimwona mwalimu wake akiwa ndani yake.

Ngoja nichaji simu kidogo.

Nimerudi. Naona kuna mkuu huko chini ameshaanza kuuliza kama Kulwa ameolewa. Mkuu, tulia, huyu ni mwanafunzi. Mods mwangalieni huyu.

Ijumaa. Mzee Maganga kaja, kapewa dawati la nyuma, magoti yamegusa kidevu. Madam naye kaja, kasimama mlangoni. Mwalimu Pazi kaja bila kualikwa, kwa ushabiki.

Kulwa akashika chaki. Akaanza na kijiko na uji, conduction hiyo. Sauti ndogo. Akaenda kwenye jua na bati, radiation. Sauti ikapanda kidogo. Alipofika convection akasimama, akafikiri, halafu akafanya jambo ambalo mzee wa jogoo hakulifundisha kokote. Akachora bani.

Kwa wasiojua, bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku. Chini kuna tanuri na mabomba ya joto, juu yanapangwa majani kwenye fito, safu juu ya safu.

"Hewa ya chini ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda," akasema. "Ya juu iliyopoa inashuka. Inazunguka hivi."

Nyuma kule dawati likalia. Mzee Maganga kanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza. Kama hewa ya moto inapanda juu, mbona kwenye bani langu majani ya chini ndiyo yanakauka kwanza? Si yangeanza ya juu?"

Wakuu, nitakuwa mkweli. Nina shahada ya ualimu wa Fizikia. Kichwani mwangu palikuwa peupe kama ule ukurasa wa mzee wa jogoo. Nilikuwa nahesabu kama nikijifanya nimeitwa ofisini nitafika mlangoni kabla hawajanigeukia.

Kulwa hakunigeukia. Alisimama, akatazama mchoro wake. Akanyamaza. Akanyamaza mpaka Madam akaanza kukohoa, na Pazi akaacha kutabasamu.

Halafu akasema, "Baba, si ile hewa ya moto ikipanda inapita kwanza kwa majani ya chini? Inachukua maji yao. Ikifika juu imeshapoa, na imeshabeba maji ya wenzao." Akatafuta neno. "Ni kama msibani. Sahani ya nyama inaanzia kwa waliokaa karibu na jiko. Ikifika kwa wa nyuma, imebaki mchuzi."

Darasa likapasuka. Pazi akapiga dawati kwa kofi. Hata Madam alijisahau akasema, "Ehee!"

Mzee Maganga akatoka kwenye lile dawati kwa shida, akatembea mpaka ubaoni, akainama kuangalia ule mchoro kwa karibu sana.

"Huo mlango umeuweka vibaya," akasema. "Hapo ni ukuta."

"Wa kwetu uko huku, baba. Hili nimechora la baba mdogo, wake ndio uko hapo."

Akafikiri. "Kweli."

Wakasimama pale, baba na mwana, wanabishana kuhusu mabomba, fito na unyevu, na kidato cha nne kizima kimekaa kimya kinaandika. Sijawahi kufundisha kipindi kizuri kama kile, na sikutamka hata neno.

Kengele ilipogonga mzee alinishika mkono nje, mikono yote miwili. "Abaki," akasema. "Vitalu nitatafuta kibarua." Akapiga hatua, akarudi. "Na hiyo simu abaki nayo. Nikikwama kwenye bani, nitampigia."

Tukaendelea hivyo hadi mtihani. Kila somo, vyanzo viwili vitatu, simu kwenye ndoo, chaki mkononi. Theluji tuliitumia kwenye Hisabati, kule walikuwa wazuri sana. Hata Maridadi hatukuitupa. Quiz zake tulizifanya kwa kuziba herufi na kumtaka mtoto aeleze kwa nini. Madam sasa anasema wazo lilikuwa lake, alilipata semina. Namwachia.

Matokeo yalipotoka Kulwa alipata C ya Fizikia. Ndiyo, C. Sikuja humu kuwadanganya kuwa alipata A. Lakini ile C, wakuu, nilikwenda nayo nyumbani nikamsomea mke wangu kwa sauti, nikampigia mama mkwe Tura, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likaziba.

Nilichojifunza: cha bure kinagharimu muda wa mtoto, na muda huo haurudi. Usikipime kwa uzuri wake, wala kwa alama kinazogawa chenyewe. Angalia kama kinaendana na mtihani wetu, kama kinafunguka bila kula bando, kama mifano yake mtoto anaweza kuigusa. Halafu kizime, umsikilize mtoto. Akiweza kumfundisha mwenzake, na akiulizwa swali la pembeni akasimama kulifikiria badala ya kukimbia, hicho ni cha kwenu.

Walimu na wazazi wa humu, nyie mmetumia nini na kimewatoaje? Wenye kupinga pia karibuni, ila kwa staha, mama mkwe husomewa huu uzi.

Na Kemia bado imenishinda, sijapata chanzo cha maana. Mwenye nacho anisaidie. Ila tafadhali, kabla hujaniwekea link hapa, mwite kwanza mtoto mmoja aliyeitumia, mpe chaki, ukae kimya.